Magurudumu ya treni ndogo: Chuma kipi, plastiki ipi?

Neno chuma lina heshima yake katika Kiswahili. Mtu shupavu husifiwa kwa kuwa na moyo wa chuma. Mwenye siha njema huambiwa ana mwili wa chuma. Na fundi akitaka kuusifu mlango wake humwambia mteja, kwa sauti ya kumaliza mazungumzo, kwamba hicho ni chuma. Neno plastiki halikupata bahati hiyo. Lilikuja juzijuzi, likakuta sifa zote nzuri zimekwisha kugawanywa, nalo likabebeshwa ubandia na uhafifu. Na tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa humu nchini tarehe 28 Agosti 2017, limebebeshwa uchafu pia. Kwa hivyo mtu akitakiwa kuchagua baina ya gurudumu la chuma na gurudumu la plastiki, aghalabu huwa amekwisha kujibu kabla hajalitia gurudumu lenyewe mkononi. Lugha imemjibia.

Nimelifikiria jambo hili kwa sababu ya mjadala uliozuka katika chama cha sayansi cha shule moja ya upili ambako rafiki yangu wa siku nyingi hufundisha fizikia. Chama hicho kilipewa na mhisani treni ndogo za mfano, zile ambazo watu wazima wa Ulaya na Marekani huziunda na kuziendesha majumbani mwao kwa umeme: injini mbili, mabehewa 14, na reli za kutosha kuzunguka meza mbili za maabara. Mabehewa yote yalikuwa na magurudumu ya plastiki, na baadhi yake yakitembea kama mbuzi aliyevunjika mguu. Fedha za chama zingetosha kununua magurudumu ya chuma kwa mabehewa matano tu. Wanafunzi wakagawanyika. Walio wengi walitaka chuma kinunuliwe, na walipoulizwa sababu wakasema, "Mwalimu, chuma ni chuma." Walio wachache wakasema plastiki ibaki, maana ni nyepesi na haishiki kutu.

Rafiki yangu alinipigia simu. "Daktari," akasema kwa ile dhihaka yake ya kawaida, "wewe ni mtu wa maneno. Hebu nipe maneno ya Kiswahili ya vitu hivi, kwa sababu watoto wanabishana kwa Kiswahili na hoja zao zote zimesimama juu ya maneno mawili." Nikamwambia, "Basi, Mwalimu, tatizo lenyewe umekwisha kulitaja."

Kwa msomaji asiyezijua treni hizi, inafaa nieleze kwamba si vitu vya kuchezea watoto tu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa H0, nacho hukipunguza kila kitu mara 87. Upana kati ya reli mbili huwa milimita 16.5, yaani milimita 1,435 za reli ya kawaida ya Ulaya zikigawanywa kwa 87. Huo ndio upana wa reli yetu mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa mwaka 2017. Reli yetu kongwe, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1, na anayetaka kuunda mfano wake kwa kipimo hicho hutumia reli za milimita 12. Marekani, wapenzi wa treni hizi wana chama chao cha kitaifa tangu mwaka 1935, chenye viwango vilivyoandikwa kuhusu umbo la gurudumu na uzito wa behewa. Na katika jiji la Hamburg, Ujerumani, maonyesho yaitwayo Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yana reli ndogo zenye urefu wa zaidi ya kilomita 15. Huko treni hukimbia mchana kutwa, na gurudumu moja bovu huweza kumwaga mabehewa mbele ya wageni walioingia kwa kiingilio.

Sasa tulitazame gurudumu. Katika kipimo cha H0, gurudumu la kawaida la behewa la mizigo la Kimarekani lina kipenyo cha milimita 9.6, karibu sawa na kifungo cha shati. Magurudumu mawili hukazwa kwenye mhimili mmoja, ambao mafundi wetu huuita ekseli, na ncha mbili za mhimili huo, zilizochongoka kama sindano, huingia katika vishimo viwili vilivyo ndani ya bogi, yaani kile kifremu chenye magurudumu manne kinachoibeba ncha moja ya behewa. Viwanda vingi vimekuwa vikiuza mabehewa yenye magurudumu ya plastiki kwa kuwa ni rahisi kuyatengeneza kwa maelfu. Wapenzi wa treni nao huyang'oa na kutia ya chuma, ambayo huuzwa peke yake katika vipakiti. Zoea hilo limeenea mno hivi kwamba wengi hawalihoji tena.

Mimi nalihoji, na swali langu la kwanza ni hili: chuma kipi?

Katika mazungumzo ya kila siku sisi huita chuma kila kitu kigumu, kizito na kinachong'aa. Lakini Kiswahili chenyewe si maskini kiasi hicho. Tuna chuma cha pua, ambacho ndicho kigumu kinachotiwa makali. Tuna feleji, ambalo washairi wa pwani walilipenda kwa ajili ya panga zao. Tuna shaba, tuna bati, tuna risasi, tuna zinki. Na vitabu vya sayansi, hasa vile vya Tanzania ambako sayansi ya shule za msingi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, hutumia neno metali kwa jamii nzima, ili neno chuma libakie kwa chuma peke yake. Sisi wa Kenya tunalijua neno metali, ila twaliona kama la darasani. Hapo ndipo tunapojikwaa, kwa sababu gurudumu linaloitwa la chuma katika treni ndogo aghalabu si la chuma hata kidogo.

Mengi hukerezwa kwa shaba ya manjano kisha yakapakwa utando wa nikeli. Mengine ni ya ile metali ambayo Waingereza na Wajerumani waliipa jina la fedha, ama fedha ya nikeli ama fedha ya Kijerumani, ilhali ndani yake hamna hata chembe ya fedha: ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. (Mwanaisimu hufurahi kila aonapo kwamba si sisi peke yetu tunaodanganywa na majina.) Mengine, hasa ya zamani, yalisubiwa kwa zinki iliyochanganywa na metali nyingine. Magurudumu haya ya mwisho yana kisa cha kusikitisha. Baadhi ya treni za Hornby za Liverpool zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na magurudumu ya zinki ambayo iliingiwa na risasi kidogo kiwandani. Kosa hilo dogo halikuonekana siku ya kununua. Miaka ilipopita, metali ilianza kuvimba, ikapasuka, ikamomonyoka kama mkate mkavu, na leo wakusanyaji wa vitu vya kale hufungua masanduku wakakuta magurudumu yamekuwa vumbi. Ilikuwa metali halisi, na mtu wa wakati ule angeapa kwamba ingemzika yeye na wanawe.

Tena kuna sumaku. Mabehewa mengi ya Marekani huunganishwa kwa vikulabu vinavyoweza kufunguliwa kwa sumaku iliyofichwa chini au katikati ya reli. Kampuni ya Kadee ndiyo iliyoueneza mtindo huo. Mhimili wa chuma cha pua ukipita juu ya sumaku hiyo huvutwa, na behewa jepesi lililosimama karibu huweza kujisogeza lenyewe kana kwamba lina jini. Mhimili wa shaba hauvutwi kamwe. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "chuma huvutwa na sumaku", na wakati huohuo akazoea kuiita shaba chuma, atashindwa kueleza kwa nini mabehewa mawili ya "chuma" yana tabia mbili. Ataambiwa hajui fizikia. Kumbe fizikia anaijua, ila neno ndilo lililomwangusha.

Ugonjwa huu uko katika upande wa pili pia. Plastiki ipi? Mabehewa yenyewe, yaani kuta na mapaa yake, kwa kawaida ni ya polistireni, plastiki ngumu inayopokea rangi na gundi vizuri lakini huvunjika ukiikunja. Gurudumu la plastiki ya namna hiyo huchakaa upesi. Nailoni ni imara zaidi. Na kuna asetali, ambayo kampuni ya DuPont iliiuza kwa jina la Delrin: ngumu, yenye utelezi wa asili, isiyohitaji mafuta, na ambayo wahandisi huitumia kutengeneza gia ndogondogo zinazozunguka miaka na miaka. Gurudumu la asetali lililotolewa katika kalibu nzuri ni kitu cha kuheshimiwa. Kuliweka katika kapu moja na kikombe cha maziwa lala kwa sababu yote ni plastiki ni sawa na kumweka simba na paka wa jikoni katika zizi moja kwa kuwa wote wana sharubu.

Isitoshe, gurudumu la metali haliwezi kufanya kazi katika treni hizi bila plastiki. Umeme unaoendesha injini, ambao katika mfumo wa kawaida ni wa volti 12 hivi, hupita katika reli zenyewe: reli moja ni upande mmoja wa saketi, na reli ya pili ni upande wa pili. Ukiweka juu yake magurudumu mawili ya metali yaliyounganishwa kwa mhimili wa metali, umeziunganisha reli mbili, na umeme utapita hapo kwa mkato bila kuifikia injini. Treni yote itasimama na mitambo itaanza kupata moto. Kwa sababu hiyo kila jozi ya magurudumu ya metali lazima iwe na kizuizi cha umeme mahali fulani. Ama gurudumu moja huwekewa pete ya plastiki mahali linapokutana na mhimili, ama mhimili wenyewe hukatwa katikati na kuunganishwa kwa plastiki. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliukwepa mtego huu kwa kupitisha umeme katika vichwa vya misumari vilivyo katikati ya njia, huku reli zote mbili zikiwa upande mmoja wa saketi. Ndiyo maana magurudumu yake hayana kizuizi, na ndiyo maana behewa la Märklin likiwekwa kwenye reli za mfumo wa kawaida huzima kila kitu. Rafiki yangu alipowasomea wanafunzi wake habari hii kwenye simu, nilisikia kelele. Mmoja wa wale walio wachache alikuwa akidai ushindi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maneno haya ni mchezo wa chumba cha mihadhara. Katika reli kubwa, mchanganyiko wa namna hii ulikwisha kuua watu. Wahandisi wa karne ya 19 walijua kwamba chuma juu ya chuma hupiga kelele na kutetemesha abiria, wakatafuta kitu laini cha kutia katikati. Mwingereza Richard Mansell aliunda gurudumu ambalo tumbo lake lilikuwa la vipande vya msaji, mti uleule wa majahazi, likazungushiwa pete ya chuma. Mabehewa mengi ya Uingereza yalitembea kwa magurudumu hayo, tena kwa utulivu. Marekani, Richard Allen alitumia karatasi zilizogandamizwa kwa nguvu, na mabehewa ya kifahari ya Pullman yakabeba matajiri juu ya karatasi. Aliyeiona pete ya nje tu angeweza kuyaita magurudumu ya chuma.

Ujerumani nayo ilipoanza kuendesha treni zake za kasi za ICE mwaka 1991, magurudumu yalikuwa ya chuma kitupu, kipande kimoja. Yalitetemesha treni, na mtetemo huo ulisikika hasa katika behewa la chakula. Yakabadilishwa, yakatiwa yenye ukanda wa mpira kati ya tumbo la gurudumu na pete ya nje, aina iliyokuwa imefanya kazi katika magari ya reli ya mijini yanayokwenda polepole. Lakini kwenye mpira, pete ya nje hupindika kidogo sana katika kila mzunguko, na mizunguko ni mamilioni. Tarehe 3 Juni 1998, karibu na kijiji cha Eschede, pete moja iliyokuwa imeshika ufa ndani ikakatika treni ikienda kilomita 200 kwa saa. Mabehewa yakaacha njia na kugonga nguzo za daraja, daraja likaanguka, na watu 101 wakafa. Baada ya hapo ICE zilirudishiwa magurudumu ya kipande kimoja. Ukimuuliza mtu barabarani treni ile ilikuwa na magurudumu ya nini, atasema ya chuma, na hatakuwa amesema uwongo. Ila jibu lake halina msaada wowote kwa anayetaka kujua kwa nini watu walikufa.

Turudi kwenye meza ya maabara, ambako hatari kubwa ni behewa kuanguka sakafuni. Hoja inayosikika zaidi kwa wapenzi wa treni ndogo ni kwamba gurudumu la metali huserereka vizuri. Mara nyingi ni kweli. Lakini je, ni kwa sababu ya metali? Msuguano mkubwa katika behewa dogo hautokei pale gurudumu linapogusa reli. Hutokea pale ncha ya mhimili inapogusa kishimo cha bogi, na kadiri ncha inavyochongoka, ndivyo nguvu ya kuuzuia mzunguko inavyopungua, kwa maana inafanya kazi karibu sana na kitovu. Ncha ya chuma cha pua iliyosuguliwa vizuri, ikizunguka ndani ya kishimo cha asetali, ni miongoni mwa fani nyepesi kabisa zinazopatikana kwa bei ndogo. Ni ndoa ya metali na plastiki, na kila mmoja anahitajika. Mtu akinunua jozi mpya ya magurudumu ya metali, hununua pia mhimili mpya, ncha mpya na urefu mpya wa mhimili. Kama mhimili wa zamani ulikuwa mfupi kwa nusu milimita, behewa lilikuwa limelala upande na kuburura. Kama ulikuwa mrefu, ulikuwa umebanwa. Mpya ukifaa, behewa litapaa, na sifa zote zitaendea kile kinachoonekana kwa macho, yaani mng'ao wa gurudumu.

Vivyo hivyo kuhusu umviringo. Gurudumu lililokerezwa kwenye mashine hutoka likiwa duara kamili, na ukingo wake, ule mdomo unaoshuka upande wa ndani wa reli, hufuata umbo lililokusudiwa. Gurudumu la plastiki lililotolewa katika kalibu iliyochakaa huweza kuwa na mshono au likawa yai kidogo, na behewa likayumba. Hapo kosa ni la kalibu. Metali iliyosubiwa vibaya huyumba vilevile.

Uzito nao una neno lake. Chama kile cha Marekani nilichokitaja hupendekeza, kwa kipimo cha H0, behewa liwe na gramu 28 za kuanzia pamoja na gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la milimita 150, kwa hesabu hiyo, linapaswa kuwa na gramu 112 hivi. Mabehewa mengi yanayotoka kiwandani hayafiki hapo. Magurudumu ya metali huongeza gramu chache, na huziongeza chini kabisa, karibu na reli, mahali ambapo nahodha yeyote wa pwani angezitaka. Yeye angeziita farumi, kama mawe yanayowekwa tumboni mwa jahazi lisipinduke. Ikumbukwe kwamba reli yetu iliwahi kukopa kwa majahazi: yale magogo yanayolaliwa na reli huitwa mataruma, na taruma lilikuwa neno la waunda vyombo vya baharini kabla gari la moshi halijaonekana Mombasa. Kwa hiyo wanaodai Kiswahili hakina msamiati wa ufundi wangefanya vyema kwenda kukaa kutwa moja na fundi wa mashua.

Kuhusu sauti, nakiri kwamba moyo wangu uko na metali. Gurudumu la metali likivuka maungio ya reli hugonga, na mabehewa kumi yakifuatana hutoa mdundo unaotofautiana kwa idadi ya magurudumu na urefu wa behewa. Walimu wa Kiswahili wanaohangaika kufundisha tanakali za sauti wangeweza kuiendesha treni hiyo darasani na kuwaomba wanafunzi waandike walichosikia. Plastiki hupita kimya. Lakini ukimya si dosari kwa kila mtu. Watoto wetu waundao magari ya waya wamelijua hilo zamani. Hao huchagua baina ya kifuniko cha soda na gurudumu lililokatwa kwenye malapa yaliyokwisha, na wengi huchagua malapa, kwa kuwa yanashika njia na hayamwamshi mzee aliyelala mchana. Hawakusema mpira ni bora kuliko bati. Walisema unafaa kazi hii.

Hapa nataka niseme na walimu wenzangu. Tunapowapa wanafunzi swali la kuchagua nyenzo, na tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni maswali hayo ni mengi, tunakubali haraka mno jibu la aina ya "chuma, kwa sababu ni imara". Nimeyaona majibu kama hayo yakipewa alama zote. Jibu hilo halimwambii mtu chochote; ni methali iliyovaa koti la sayansi. Uimara dhidi ya nini? Kupindika? Kukatika? Kuchakaa? Kutu? Mwanafunzi anayelazimishwa kusema metali ipi, imetengenezwa vipi, na itagusana na nini, huwa amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mhandisi, na ameifanya kwa lugha. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wangekaa meza moja juu ya jambo hili, wangewasaidia watoto kuliko kila mmoja akijifungia katika idara yake. Wapo watakaosema kwamba sayansi yetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, basi Kiswahili kinahusu nini. Wawasikilize wanafunzi wakibishana katika chama cha sayansi baada ya saa kumi jioni, ndipo watajua wanafikiri kwa lugha gani.

Kwa upande wa wenye fedha chache, ushauri wangu kwa rafiki yangu ulikuwa kwamba kwanza wasinunue kitu. Wachukue ubao wa mita 1, waulaze reli juu yake, wainue ncha moja polepole na kupima kimo ambacho kila behewa linaanza kushuka lenyewe. Milimita 20 ni mteremko wa asilimia 2. Behewa linalohitaji zaidi ya hapo linahitaji kutazamwa. Kisha wavisafishe vishimo vya bogi kwa kijiti, waondoe nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye mihimili, waongeze uzito pale unapopungua, na wapime tena kwa magurudumu yaleyale ya zamani. Hapo tu ndipo wabadilishe magurudumu ya behewa moja na kulipima mara ya tatu, uzito ukiwa uleule. Walifanya hivyo. Mabehewa yaliyokuwa yakiburura yalikuwa sita, na manne kati yake yalipona kwa kijiti.

Fedha zilizobaki ziende mahali ambapo metali haina mbadala. Behewa la mwisho, likitakiwa kuwa na taa nyekundu ya nyuma, lazima lipate umeme kutoka relini, na plastiki haipitishi umeme; hilo lipewe metali. Behewa la abiria lenye taa za ndani vilevile. Mabehewa mepesi yanayowekwa mbele, karibu na injini, ambayo huvutwa na uzito wa mengine yote na kuanguka ndani ya kona, yatafaidika na gramu zile chache za chini. Yaliyobaki na yabaki na plastiki yake, mradi ni duara na ncha zake ni kali. Na kwenye kipakiti wasome mhimili ni wa metali gani, ikiwa wanatumia vikulabu vya sumaku.

Limebaki suala la utando mweusi unaojipaka juu ya reli na magurudumu na kuifanya injini iende kwa kusitasita. Wapo wanaoapa kwamba plastiki ndiyo inayouleta na kuusambaza. Wengine huulaumu umeme wenyewe, kwa zile cheche ndogo zinazoruka pale gurudumu la injini linapoachana na reli kwa kufumba na kufumbua. Ubishi huo umedumu muda mrefu na sitaumaliza mimi. Lakini magurudumu ya aina zote mbili huupata, na dawa yake ni moja: kitambaa cha pamba kilichotiwa spiriti kidogo hutandazwa juu ya reli, behewa likasukumwa juu yake mbele na nyuma kwa mkono, hadi mistari miwili myeusi inayobaki kwenye kitambaa ianze kufifia.